Mungu Hasamehi kwa Niaba ya Jirani

Anayesafiri Jumapili kutoka Kakamega kwenda Kisumu ni nadra asikutane na waumini wa African Israel Nineveh wakiandamana kando ya lami. Kanzu nyeupe, vilemba vyeupe, bendera mbele, ngoma katikati, na wimbo usiokatika. Kanisa hilo lilianzishwa mwaka wa 1942 na Zakayo Kivuli, mzaliwa wa huku Magharibi aliyekuwa ametumika miongoni mwa Wapentekoste wa Nyang'ori, na makao yake yakaitwa Nineveh, yaani Ninawi ya Biblia. Waumini wake hawali nguruwe, huvua viatu mahali patakatifu, na huitukuza Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku aliyokufa Bwana.

Tumelizoea jina hilo hata hatuliulizi tena. Ninawi haukuwa mji wa manabii wala wa watakatifu. Ulikuwa mji wa Waashuri, maadui wa Israeli, uliosifika kwa ukatili, na jambo jema linalokumbukwa juu yake katika kitabu cha Yona ni kwamba ulipoambiwa umekosa, ulikubali. Mfalme aliondoka kwenye kiti cha enzi akaketi majivuni. Hata mifugo ilifungishwa. Wayahudi kote duniani huisoma habari hiyo, sura zote nne za Yona kwa mkupuo, alasiri ya siku iliyo takatifu kuliko zote katika kalenda yao: Siku ya Upatanisho, ambayo wao huiita Yom Kippur. Wanaisoma midomo ikiwa mikavu, maana wakati huo hawajatia kitu kinywani, hata tone la maji, tangu jua la jana lilipotua.

Mimi ni Mkristo wa Shieywe, hapa Kakamega, na nitabaki Mkristo. Ninaamini kwamba Kristo ndiye upatanisho wetu, kama Waraka kwa Waebrania unavyofafanua katika sura ya 9 na ya 10. Lakini kadiri ninavyoitazama siku hii ya Wayahudi ndivyo ninavyosadiki kwamba kuna jambo walilolitunza kwa karne nyingi, ambalo sisi tulilipokea kutoka kwao kisha tukaliangusha njiani. Naandika kulishukuru jambo hilo, na kuwaomba Wakristo wenzangu tulirudie.

Siku yenyewe imeagizwa katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 16 na ya 23: tarehe kumi ya mwezi wa saba. Hekalu la Yerusalemu lilipokuwa limesimama, hiyo ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo kuhani mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu. Alivaa kitani nyeupe badala ya mavazi yake ya dhahabu. Alitoa kwanza fahali kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake, ndipo akawageukia mbuzi wawili waliopigiwa kura. Mmoja alichinjwa. Wa pili aliwekewa mikono kichwani, dhambi za taifa zikaungamwa juu yake, akapelekwa nyikani asirudi. Mwaka wa 70 Warumi walilibomoa hekalu. Madhabahu haikuwapo tena, wala kuhani, wala mbuzi, lakini siku ilibaki. Waalimu wa Kiyahudi waliijenga upya kwa vitu ambavyo hakuna jeshi linaloweza kuviteketeza, yaani sala, kufunga na kuungama.

Hata Matendo ya Mitume yanaitaja. Sura ya 27, katika safari ile ya Paulo iliyoishia kwa merikebu kuvunjika, mwandishi anasema siku za kufunga zilikuwa zimepita na bahari imekuwa ya hatari. Kufunga huko ndiko huku. Na majirani zetu Waadventista wa Sabato wanaijua tarehe ya 22 Oktoba 1844, ambayo waanzilishi wao waliipata kwa kuihesabu Siku ya Upatanisho. Kwa hiyo siku hii si ngeni kwetu kama tunavyodhani.

Siku hizi inakwenda hivi. Kufunga huanza kabla ya jua kutua na huisha usiku wa siku ya pili, takriban saa 25. Hakuna kula wala kunywa. Hakuna kuoga kwa starehe, kujipaka mafuta, kuvaa viatu vya ngozi, wala tendo la ndoa. Mgonjwa ambaye kufunga kutamhatarisha maisha hatakiwi kufunga, na akijilazimisha anahesabiwa kuwa amekosa, kwa kuwa uhai hutangulia. Wengi huvaa nyeupe. Sala ni tano, na katika sala hizo maungamo hurudiwa tena na tena, mtu akijipiga kifua kwa ngumi polepole kila dhambi inapotajwa. Mkatoliki aliyelelewa Mukumu atakitambua kitendo hicho mara moja.

Maungamo hayo hufuata herufi za alfabeti ya Kiebrania, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na yote husemwa kwa wingi. Hakuna anayesema nimeiba, nimesengenya, nimedanganya. Wote husema tumeiba, tumesengenya, tumedanganya, hata yule ambaye hajagusa shilingi ya mtu. Nimelitafakari jambo hili sana. Mwizi halisi aliyesimama kwenye safu ya tatu haaibishwi mbele ya watu, lakini pia hana pa kujificha, kwa sababu dhambi yake imetajwa kwa sauti na kinywa chake mwenyewe. Na yule asiyeiba anakumbushwa kwamba labda alimwona mwizi akanyamaza. Makesha yetu ya tarehe 31 Desemba hayafanani na hayo hata kidogo. Sisi huingia mwaka mpya tukidai baraka, kazi, gari, mchumba, visa, na toba hupata dakika chache kabla ya saa sita kugonga. Wao huuanza mwaka wao mpya kwa siku kumi za kujichunguza, na kilele chake ni siku nzima ya kuomba rehema.

Asubuhi ya siku hiyo husomwa Isaya 58. Anayeichagua sura hiyo isomwe mbele ya watu wenye njaa ana ujasiri, kwa sababu humo Mungu anakataa mfungo wa watu wanaowakandamiza wafanyakazi wao siku hiyohiyo wanayofunga, na anataka mfungo wa kumgawia mwenye njaa mkate na kumvika aliye uchi. Fikiria mwenye shamba la miwa ambaye hajawalipa vibarua wa palizi, amefunga tangu jana, na anasomewa hayo.

Lakini kiini cha ninachotaka kusema ni kanuni moja fupi. Imo katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya sheria ya Kiyahudi uliokamilishwa karibu mwaka wa 200, katika sehemu inayohusu siku hii. Inafundisha kwamba makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu, Siku ya Upatanisho huyaondoa. Makosa yaliyo kati ya mtu na mwenzake, siku hiyo haiyaondoi mpaka mtu amwendee mwenzake na kumridhisha. Unaweza kufunga hadi uzimie. Unaweza kulia machozi yakalowesha kitabu cha sala. Ikiwa ulimdhulumu jirani yako na hujaenda kwake, mbingu hazina la kukufanyia kuhusu hilo. Mungu hasamehi kwa niaba ya jirani.

Karibu miaka 1,000 baadaye, Musa bin Maimuni, yaani Maimonides, aliifafanua kanuni hiyo katika kitabu chake kikuu cha sheria. Alizaliwa Cordoba, Hispania, lakini alikiandika hapa barani Afrika, nchini Misri, alikofariki mwaka wa 1204. Anaeleza kazi ya kuomba radhi kama fundi anayeeleza kazi yake. Kwanza, rudisha ulichochukua. Lakini kulipa peke yake hakutoshi, lazima pia uende umwombe aliyeumia akusamehe. Akikataa, rudi na watu watatu miongoni mwa rafiki zake wakusaidie kuomba. Akikataa tena, rudi mara ya pili, na mara ya tatu. Baada ya hapo umetimiza wajibu wako, na mzigo unamgeukia yeye, kwa sababu aliyeombwa kwa moyo safi hapaswi kuwa mkatili. Kama uliyemkosea ni mwalimu wako, utaenda hata mara elfu.

Na kama amekufa? Hapa ndipo mtu wa Kakamega anapopaswa kuketi vizuri asikilize. Chukua watu kumi, nenda kaburini, usimame uungame mbele yao kwamba umemkosea Mungu na umemkosea marehemu huyu, na utaje ulilomfanyia. Kama lilikuwa jambo la mali, warudishie warithi wake. Huwajui warithi? Iweke mali mahakamani.

Mashamba mangapi huku kwetu yana mpaka uliosogezwa usiku, na aliyeng'olewa alama zake za mpaka amelala kaburini kwenye shamba hilohilo, na aliyezing'oa anaimba kwaya kila Jumapili? Wajane wangapi walinyang'anywa kwao na mashemeji ambao leo ni wazee wa kanisa? Chukua hata jambo dogo kuliko hayo. Mweka hazina wa chama amekula pesa za kina mama. Jumapili anaitikia mwito wa mhubiri, anapiga magoti, anaombewa, anainuka analia kwa furaha, kanisa zima linasema amina. Jumatatu kina mama wale wanamkuta sokoni, uso unang'aa, na pesa zao hazijulikani ziliko. Wakimuuliza, anawaambia Bwana amemsamehe, wasirudi nyuma kama mke wa Lutu. Na mchungaji anawaonya wao kuhusu uchungu wa moyo!

Hilo ndilo linaloniumiza katika mahubiri yetu ya msamaha. Sisi tunamhubiria aliyekosewa. Wayahudi, katika siku hii, wanamhubiria aliyekosa. Kwetu anayetolewa jasho ni mjane: asamehe, asahau, aachilie, asije akaukosa ufalme kwa sababu ya shamba la dunia hii. Kwao anayetolewa jasho ni shemeji: aamke, atoke, atembee hadi mlango wa mjane, abishe hodi, aseme alichofanya, arudishe hati.

Na hili si la Wayahudi peke yao. Yesu wa Nazareti, Myahudi aliyekwenda Yerusalemu kwenye sikukuu za taifa lake, alifundisha jambo hilohilo katika Mathayo 5: ukiwa unaleta sadaka madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka palepale, nenda ukapatane naye kwanza. Zakayo mtoza ushuru hakuishia kulia. Alitangaza malipo mara nne. Waislamu wa Mumias nao watatuambia kwamba katika dini yao haki za waja hazifutwi kwa toba ya mtu na Mola wake tu, mpaka mwenye haki aridhike, na ndiyo maana watu huombana radhi kabla ya kwenda Hija. Ni sisi Wakristo, kwa kuisifu neema kwa sauti kubwa, tulioacha sauti ya jirani imezwe.

Lakini hatukuwa hivi siku zote. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya kupitia mkutano wa Kabete mwaka wa 1937 na kisha kufika hadi Maseno, uliwajua watu wake kwa alama moja ambayo hata wasioamini waliistaajabia: walirudisha vitu. Watu walibeba vyombo vya wazungu walivyovichukua jikoni, wakalipa madeni ya maduka ya Wahindi ambayo wenye maduka wenyewe walikuwa wamekwisha kuyasahau, wakaungama mbele ya waliowaibia. Wazee waliokulia katika Uamsho bado wanayasimulia hayo. Kwa maoni yangu, Ukristo wa Afrika Mashariki haujawahi kuikaribia Siku ya Upatanisho kuliko wakati ule.

Mtu asidhani pia kwamba Wayahudi ni watu wa mbali, wa ng'ambo ya bahari. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza iliwapa viongozi wa Kizayuni pendekezo la kuwapatia Wayahudi makao katika nyanda za Uasin Gishu, hapo jirani na kaunti yetu. Walituma watu kuja kuzikagua, na mwaka wa 1905 wakalikataa. Nairobi kuna sinagogi tangu 1913, na la sasa liko pale University Way inapokutana na Uhuru Highway. Lakini walio karibu nasi zaidi, na wanaofanana nasi zaidi, ni Abayudaya wa Mbale. Si Mbale ya Vihiga, ni ile ya Uganda, chini ya Mlima Elgon, ambayo mtu wa Kakamega huifikia kwa kupita Bungoma na Malaba.

Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka wa 1919 na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa Mprotestanti na aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda. Alisoma Agano la Kale, akaamua kulifuata lilivyoandikwa, akatahiriwa yeye na wanawe. Alifariki 1928, lakini waumini wake waliendelea. Idi Amin alipoupiga marufuku Uyahudi katika miaka ya 1970, masinagogi yakafungwa, wengi wakahamia Ukristo na Uislamu, na wachache waliobaki wakasali kwa kujificha. Kampala ilipokombolewa kutoka mikononi mwa Amin tarehe 11 Aprili 1979, jioni hiyo ilikuwa ndiyo mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi. Leo wako takriban 2,000. Gershom Sizomu, aliyetoka miongoni mwao, alipewa daraja la urabi Marekani mwaka wa 2008 akarudi kuwahudumia kwenye kilima cha Nabugoye. Siku ya Upatanisho inapofika wanafunga kama Wayahudi wengine wote, na baadhi ya nyimbo zao ni za Kiganda.

Amin huyohuyo ndiye aliyemuua Askofu Mkuu Janani Luwum mnamo Februari 1977. Askofu Festo Kivengere, mwana wa Uamsho, alikimbia Uganda mwezi huo, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho kichwa chake kilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Amin hakuwa amemwomba msamaha. Hakuomba kamwe. Ninamheshimu Kivengere kwa moyo wangu wote, na naamini msamaha wa namna hiyo, unaotolewa bila kuombwa, ni zawadi ambayo Ukristo umeipa dunia. Lakini ni zawadi, nayo hutoka kwa hiari ya aliyeumizwa. Tumekosea tulipoifanya kodi, tukamtoza kila mjane na kila yatima, huku mdaiwa halisi akiketi kiti cha mbele kanisani.

Najua pia kuna watakaosoma makala haya wakafikiria Gaza na vita. Kuishukuru siku hii si kuipigia makofi serikali yoyote. Ni ya zamani kuliko dola zote zilizopo, na kanuni yake humhukumu kila mwenye nguvu, wa Yerusalemu na wa Nairobi.

Wa Nairobi tunawajua. Tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi mbele ya Bunge kwa dhuluma zilizotendwa na serikali zilizopita, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 za kuwafidia walioumizwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano alikuwa amekabidhiwa tangu Mei 2013. Miongoni mwa waliokuwa wakiingoja fidia hiyo ni manusura wa ghasia za 2007 na 2008, zilizoua zaidi ya watu 1,100 na ambazo hata mji wetu wa Kakamega ulizionja kwa moto na uporaji. Miaka ikapita wakiendelea kungoja. Tarehe 28 Mei 2025, katika maombi ya kitaifa ya asubuhi jijini Nairobi, Rais William Ruto aliwaomba radhi vijana, ikiwa kuna mahali serikali iliwakosea. Mwaka mmoja kabla, katika maandamano ya vijana ya Juni na Julai 2024, takriban watu 60 walikuwa wameuawa.

Nampa kila kiongozi heshima yake kwa kutamka neno la radhi hadharani, kwa kuwa wengi hawalitamki. Lakini ukilipima kwa kipimo cha Siku ya Upatanisho, radhi yenye "ikiwa" haijawa radhi. Anayeomba hutaja kosa. Anaenda kwa aliyeumia, hamngoji aje ukumbini. Mungu aliyetajwa pale mara nyingi asubuhi ile hawezi kupokea radhi iliyo ya wazazi wa waliouawa. Makanisa yetu yanayoandaa na kubariki mikutano ya namna hiyo yanapaswa kuwaambia watawala ukweli huu kabla ya kuwaombea.

Na makanisa yataupata wapi ujasiri huo kama hayajaanza na wazee wao wenyewe? Ningependa kuona kanisa la Shieywe ambalo mtu akitubu, mchungaji anamuuliza kwanza ni nani amekosewa, anaishi wapi, na ni lini watakwenda kwake. Ningependa wazee watatu wa kanisa waandamane naye, kwa mfano wa wale watatu wa Maimonides, wasimame naye mlangoni pa jirani, na ushuhuda utolewe Jumapili inayofuata na jirani mwenyewe. Kwa makosa ya mashamba, watu kumi waende kaburini. Wazee wetu wa koo walijua kuketi hivyo muda mrefu kabla ya misheni kuja, na hatuhitaji ruhusa ya askofu wala ya kamati ya dayosisi kulifanya jambo hilo.

Katika mwaka wa 2026, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi inaanza jua likitua Jumapili tarehe 20 Septemba, na kumalizika usiku wa Jumatatu tarehe 21. Siku kumi za kujichunguza zinaanza jua likitua tarehe 11. Jumapili hiyo sisi tutakuwa tumetoka kanisani, tumeimba, tumetoa sadaka, tumerudi nyumbani kula. Msomaji mwenzangu, kama kuna mtu unayemdai radhi, mwache. Lakini kama kuna anayekudai wewe, usiingoje Jumatatu. Nenda kwake alasiri hiyo, ulitaje kosa bila "ikiwa", na uende umebeba kilicho chake.